Muuza mkate kaninunia, mwalimu kanipa 12: ni ubaguzi au mi ndo sijawaelewa Wafaransa?

"Shikamoo. Mi ni binti wa Tanga, nina miaka 25, niko Angers huku magharibi mwa Ufaransa, nasoma masta ya kilimo cha bustani, huu ni mwezi wangu wa tano hapa. Nimechoka. Nikiingia duka la mkate naeleza ninachotaka vizuri tu lakini yule mama ananijibu kama nimemkosea, juzi akaniruka akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu. Ripoti yangu ya kwanza nimekesha nayo, mwalimu kanipa 12 kati ya 20 na kaijaza wino mwekundu. Wenzangu darasani wanasalimiana kwa kugusana mashavu kila asubuhi, wakifika kwangu wananipungia mkono tu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunialika kwake. Mwezi uliopita nilipiga simu kuulizia chumba, dalali akasema kipo, nilipotaja jina langu akasema subiri kidogo, aliporudi akasema kimeshachukuliwa, na tangazo mpaka leo lipo. Halafu navaa ushungi na nimesikia huku ni marufuku, kila nikitoka roho juu. Dada yangu yuko Leicester, Uingereza, anasema Wafaransa ndo walivyo, nihamie kwake. Je hawa watu wanatuchukia au mi ndo sijui kuishi nao?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka kidogo, unisamehe, maana yule mama wa mkate namjua, sio yeye mwenyewe ila wenzake nimekutana nao wengi sana. Nilipofika kwa dalali kicheko kikakata. Nina mwaka wa 19 nchi hii, kazi yangu ni ukalimani na kuwasindikiza wageni maofisini, na swali kama lako nalipata karibu kila mwezi. Shida ni kwamba umeyatia yote kwenye kapu moja halafu unauliza kapu zima ni chuki au sio chuki. Hayafanani hayo. Mengi ni desturi ambazo hakuna aliyekukalisha chini akakufunza, moja umelisikia nusu, na moja ni kosa la jinai kabisa.

Mi huwa natumia kipimo kimoja, najiuliza Mfaransa mweupe, mzaliwa wa hapahapa, angefanya kitu kilekile nilichofanya mimi angejibiwa vilevile? Kama ndiyo, basi ni desturi, jifunze uendelee na maisha. Kama hapana, hapo tuongee lugha nyingine.

Tuanze na mkate. Umeniandikia "naeleza ninachotaka vizuri tu". Kabla ya kueleza ulisema nini? Nina wasiwasi hukusema kitu, au ulianza na excusez-moi yaani samahani, na excusez-moi haihesabiki. Bonjour ya Mfaransa usiichukulie kama habari za asubuhi, ichukulie kama hodi. Kwetu Tanga mtu akikuingilia sebuleni bila hodi akaanza kusema anataka sukari nusu kilo utamwona vipi, hata kama kaomba kwa upole? Sasa kwa hawa watu duka ni la yule mama, we ndo umeingia kwake, na hajioni mtumishi wako eti kwa sababu umeshika euro mbili. Unaingia, unamwangalia, unasema bonjour madame, unangoja na yeye akuitikie, ndo unataja bageti yako. Ukitoka ni merci, bonne journée, au revoir. Jioni inakuwa bonsoir. Kinachoniuma ni kwamba sisi watu wa pwani salamu tumezaliwa nayo, sema tukipanda ndege tunaambiwa na waliotangulia, hasa wa Uingereza na Marekani, kwamba mzungu hana muda wa salamu we nenda kwenye hoja moja kwa moja, basi tunaiacha salamu yetu uwanja wa ndege, na tunatua kwenye nchi ya wazungu wanaoidai kuliko bibi zetu.

Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza nilikwenda dirisha la tiketi kwenye stesheni moja, nikauliza treni inatoka saa ngapi. Yule dada akaniambia "bonjour". Nikadhani hajasikia nikauliza tena. "Bonjour". Nikauliza mara ya tatu kwa sauti kubwa, foleni nyuma inanung'unika, mpaka mzee mmoja akanigusa bega akaniambia kijana, anakusubiri umsalimie. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kuna vijisheria vingine hawaviandiki popote. Ukiingia chumba cha kusubiria daktari unawasalimia wote waliokaa, hata huwajui. Kwenye lifti na ngazi za jengo lenu pia. Kwenye metro au tramu humsalimii mtu, utaonekana una matatizo. Na kitu ambacho Mswahili hakimwingii kichwani, mtu uliyemsalimia asubuhi ukikutana naye tena mchana usimwambie bonjour upya, atakuangalia kwa mshangao kwamba umesahau mmeshaonana, we tabasamu tu au sema rebonjour. Kwa hiyo rudi kwenye lile duka ujaribu. Ukipiga hodi yako vizuri mara tatu nne na bado anakuruka kama hakuoni, hapo kipimo changu kitakupa jibu lingine, na maduka ya mkate hayajaisha Angers.

Hiyo 12, mdogo wangu, futa machozi. Huku alama ya kupita ni 10, 12 inaitwa assez bien yaani ni nzuri kiasi, 14 ni nzuri, 16 ni nzuri sana, na 20 karibu haipo duniani, wao wenyewe wanatania kwamba 20 ni ya Mungu na 19 ya mwalimu. Kwa ripoti ya kwanza, kwa lugha ambayo sio yako, 12 ni kazi nzuri. Wino mwekundu nao una maana yake, elimu ya Ufaransa imejengwa juu ya kuonyesha kasoro, mwalimu anaamini kazi yake ni kukwambia wapi umepotoka, kizuri kinajisemea chenyewe. Mwalimu aliyekukatia tamaa hapotezi wino. Hata sifa zao wanazipitishia mlango wa nyuma, pas mal maana yake ni nzuri, ila pas terrible usije ukafurahi, hiyo ni mbovu. Yaani mpaka leo kuna siku nabaki najiuliza nimesifiwa au nimetukanwa. Nenda ukaonane naye, sema umesoma masahihisho yake na una maswali mawili. Wanapenda sana mwanafunzi anayebisha kwa hoja, kubishana kwao sio ugomvi, utawaona mezani wanarushiana maneno ya siasa mpaka unatafuta pa kukimbilia halafu wanamiminiana kahawa.

Mashavu sasa, na hapa naunganisha na ushungi. Fikiria wenzako wanaona nini. Wanaona binti wa Kiislamu kajisitiri, na wamesikia kwamba Waislamu wengine hawapendi kuguswa na mtu asiye wa familia. Kwa hiyo wanakupungia, na mara nyingi wanadhani wanakuheshimu. Sio wote, lakini wengi. Hiyo salamu ya mashavu, wanaiita bise, yenyewe ina mkanganyiko, sehemu nyingine ni mbili, nyingine tatu, nyingine nne, wenyewe kwa wenyewe wanagongana pua, na baada ya korona wapo walioiacha moja kwa moja. We ndo uamue unachotaka halafu uwaambie. Kama na wasichana huna shida, sogeza shavu lako wewe kwanza, kesho yake wote watafuata. Kama hutaki kabisa, weka mkono kifuani, tabasamu, taja jina la mtu, "bonjour Camille". Kinachowakwaza ni kutojua wafanye nini.

Kuhusu marufuku, umesikia nusu. Sheria ya 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi kwa wanafunzi wa shule za serikali, msingi mpaka sekondari ya juu. Chuo kikuu haimo, mwanafunzi wa chuo anavaa ushungi wake na mhadhiri hana ruhusa ya kumtoa darasani kwa sababu hiyo. Sheria ya 2010 inahusu kuficha uso hadharani, ushungi wako hauufichi uso. Pale utakapobanwa kweli ni kazini. Mtumishi wa serikali au manispaa hatakiwi kuonyesha dini yake akiwa kazini, iwe ushungi au msalaba unaoonekana, na hilo linatoka kwenye ile laïcité yao ya 1905 ilipotenganishwa dini na dola. Kampuni binafsi nazo zinaweza kuweka kipengele kama hicho kwenye kanuni zao kwa masharti fulani. Kwa hiyo kabla hujakubali mafunzo ya vitendo uliza kanuni zao mapema, usingoje siku ya kwanza getini. Sikudanganyi kwamba utaangaliwa kwa upole kila mahali, kuna macho utayakuta, hasa ikipita wiki ya kelele za televisheni. Ila barabarani na chuoni sheria iko upande wako, tembea.

Kualikwa ndo kunakowamaliza wengi wetu. Kwetu mtu anapita tu, chai iko jikoni anamiminiwa, na anayekula lazima aseme karibu hata kama sahani ina tonge mbili. Huku mwenzako atakaa pembeni yako afungue mkate wake ale mpaka mwisho bila kukukaribisha, na hana uchoyo hata kidogo. Angalia lakini, na wao wana neno lao, sema limegeuka upande, kwetu anayekula ndo anasema karibu, kwao anayepita ndo anasema bon appétit, hata kwa mtu asiyemjua. Jaribu kulisema uone nyuso zinavyofunguka. Mwaliko wa nyumbani ni kitu kizito kwao, unapangwa kwenye kalenda wiki mbili tatu kabla, mwenyeji anapika, anasafisha, anahangaika, kwa hiyo hakuna anayealika mtu wa miezi mitano ambaye hajui hata anapenda nini. Wengi wa darasani kwako wana marafiki zao tangu wakiwa na miaka 12, mkoba wao umejaa, hawakukusudia wewe.

Sasa usingoje mlango wao. Nchi hii watu wazima wanakutana kwenye vyama, vile vinavyosajiliwa kwa sheria ya 1901, viko vya kwaya, vya kutembea milimani, vya mpira, vya kushona, na kila Septemba miji mingi inafanya siku ya vyama vyote kujionyesha. Umeichelewa hiyo lakini vingi vinapokea mtu hata katikati ya mwaka. We wa bustani tena! Tafuta bustani za pamoja za mtaa, wanaziita jardins partagés, zimejaa wastaafu wenye muda na maneno mengi, ukiwaonyesha unavyopanda mchicha wako wa Kitanga hutalala bila kualikwa chakula. Natania, ila sio sana. Ukialikwa fika dakika 10 mpaka 15 baada ya saa uliyoambiwa, sio kabla, na nusu saa tayari ni dharau. Beba maua au chokoleti, maua yoyote isipokuwa krisanthemi maana hayo ni ya makaburini Novemba. Na ukisikia wenzako wanakwenda apéro, yaani vinywaji vya pamoja kabla ya chakula, usikatae eti kwa sababu ya mvinyo, nenda, agiza juisi, huna haja ya kuwapa hotuba ya dini. Atatokea mmoja wa kukuuliza hata kidogo tu? Mwambie non merci mara mbili kwa utulivu, ya tatu hana adabu huyo na wenzake wataona.

Dalali ni jambo jingine kabisa. Hapo kipimo kinasema hapana. Binti anayeitwa Camille angetaja jina lake na simu ingeendelea. Inawezekana kweli chumba kilichukuliwa dakika ile, inatokea, lakini tangazo lililobaki mwezi mzima linanuka. Kumnyima mtu nyumba kwa ajili ya asili yake, jina lake au dini yake ni kosa la jinai Ufaransa, adhabu inafika kifungo cha miaka 3 na faini ya euro 45,000. Kazi ngumu ni kuthibitisha, kwa hiyo usianze na hasira, anza na karatasi. Piga picha ya skrini ya lile tangazo leo, tarehe ionekane. Andika uliongea na nani, saa ngapi, maneno gani. Kisha mwombe mwenzako mwenye jina la Kifaransa, mwenye hali kama yako, mwanafunzi wa umri wako, apige simu aulizie chumba hichohicho. Akiambiwa karibu uje kukiona, umeshika kitu mkononi, mahakama za huku zinaupokea ushahidi wa namna hiyo. Na kuanzia sasa ulizia nyumba kwa maandishi, simu haiachi alama.

Pa kupeleka ni kwa Défenseur des droits, taasisi huru ya dola, msaada wake ni bure, simu yao ya ubaguzi ni 39 28. Lakini ushauri wangu ni uende ana kwa ana, wana wawakilishi wao mikoani wanaokaa siku maalumu, mara nyingi kwenye ofisi za msaada wa sheria, unaweka miadi unakwenda na karatasi zako. Nimewasindikiza wengi. Nikwambie ukweli, wachache walipata nyumba ileile, mara nyingi mambo yanaishia kwenye barua kali kwa dalali au upatanishi, na yanachukua miezi. Kwa hiyo lalamika, ila usisimamishe kutafuta. Na huko kutafuta jiimarishe, chukua udhamini wa kodi ya nyumba unaoitwa Visale, ni bure kwa wenye miaka 18 mpaka 30, dalali hana tena la kusema huna mdhamini. Tena kisheria mdhamini hakataliwi eti kwa sababu sio Mfaransa au anaishi nje. Wala mwenye nyumba haruhusiwi kukudai taarifa za akaunti yako ya benki, orodha ya karatasi anazoweza kuomba imewekwa tangu 2015. Wengi wanaomba hivyohivyo, wakibahatisha hujui.

Dada yako wa Leicester simlaumu, anakupenda. Ila visa yako ya Ufaransa haikuvushi bahari kwenda kukaa kule, utaanza upya, ada upya, na masta yako umeiacha njiani. Kuna kitu kimoja anachokigusa nacho ni kweli. Uingereza wanakuuliza kwenye sensa we ni wa asili gani, kwa hiyo mambo ya ubaguzi yana takwimu na watu wameyazoea mdomoni. Ufaransa dola inasema haioni rangi, na tangu sheria ya 1978 kukusanya data za asili za watu kumefungwa karibu kote, kwa hiyo ukimweleza Mfaransa mwema kabisa yaliyokupata kwa dalali anaweza akakujibu hapa hatuangalii rangi, na anaamini anachosema. Hilo linachosha kuliko tusi. Usibishane naye usiku kucha, tafuta wanaokuelewa bila maelezo. Wakomoro wako wengi hasa Marseille na maneno mengi mtasikilizana, Wakongo wa Kiswahili wapo, Paris kuna INALCO, chuo cha lugha, ambako Wafaransa wenyewe wanajifunza Kiswahili, na ukifika Paris pita Château Rouge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, ununue mihogo na ndizi za kupika, nafsi irudi mahali pake.

Hujaniuliza ila nalisema, maana nimeona watu wakiumia bure: kibali chako cha kuishi unaomba kukiongeza mtandaoni ikiwa imebaki kati ya miezi minne na miwili kabla hakijaisha. Weka kengele kwenye simu sasa hivi.

Na kuna neno lako moja limenibaki, "nimechoka". Miezi hii ya giza inawaangusha hata wenyeji. Lakini kama hulali, huli, au asubuhi kutoka kitandani ni mlima, usitafute jibu kwangu, nenda kituo cha afya cha wanafunzi chuoni kwako, kuna daktari na mwanasaikolojia, na utaratibu wa wanafunzi kuonana na mwanasaikolojia bila kulipa upo. Ikifika usiku ukawaza kujidhuru piga 3114, ni bure saa 24. Mtu akikutishia au akikushika ushungi wako piga 17, ukitulia nenda polisi ukafungue mashtaka, kisheria hawaruhusiwi kukataa kuyapokea, wakisitasita rudi na mtu anayejua Kifaransa vizuri au mwakilishi wa chuo.

Nimalizie pale ulipoanzia. Kesho nenda kwa yule mama, simama, "bonjour madame", ngoja, halafu "une tradition bien cuite, s'il vous plaît", yaani bageti ya jadi iliyoiva vizuri, tafadhali, hapo anajua unaujua mkate. Ila kama unasoma hii Jumapili ngoja Jumanne, maduka mengi ya mkate Jumatatu hayafungui.